Faini ya Kuanua Karafuu

Msimu wa karafuu ukiingia, barabara ya kwetu Pemba hubaki katikati tu. Pembeni kote, huku na huku, ni majamvi na maturubali, karafuu zimeanikwa mpaka ukingoni mwa lami, na ukipita na gari vioo wazi unafika nyumbani unanukia kama umetoka harusini. Pahala pekee pasipoanikwa ni kituo cha gari za abiria, kwa sababu watu watazikanyaga. Naeleza hili mwanzo kwa kuwa kesi yangu yote ilikuwa hapo, na mpaka leo kuna watu wanaoniambia nilikuwa na bahati tu. Bahati!

Siku yenyewe nilikuwa natoka skuli ninakofundisha. Mbingu ikafunga ghafla. Mbele yangu namwona bibi mmoja wa kijiji cha jirani, yuko peke yake kando ya barabara, anakusanya karafuu zake kwa mikono, na matone yashaanza. Kwetu hapo huulizi. Mvua ikitishia na karafuu ziko nje, anayepita hushuka akaanua, awe anamjua mwenyewe au hamjui, kwa sababu zikilowa zinaharibika na jasho la msimu mzima limekwenda. Nikaisimamisha gari pale palipokuwa wazi, kituoni, nikaruka. Tukaanua, tukafunga magunia, tukayapakia kwenye gari yangu. Nikarudi kwenye usukani nimelowa chapachapa, nacheka peke yangu kwa furaha.

Askari wa barabarani alikuwa amesimama mbele ya gari, anaandika. Kijana, mgeni kisiwani, mpole sana.

“Dada, hapa ni kituo cha basi.”

Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa karatasi ya faini.

Si kulipa kulikonitisha. Gari ile alininunulia kaka yangu, na siku aliyonipa ufunguo aliniambia mbele ya mama: kesi ya kwanza na polisi, ufunguo unarudi. Mimi ni mwanamke wa kwanza kuendesha gari katika ukoo wetu, na kaka alikuwa ameshachoka kuulizwa na wenzake wa barazani kwa nini ananiachia. Aliposikia habari ya faini hakugomba. Alinyoosha mkono tu. Nikampa ufunguo huku roho inaniuma.

“Lakini mie silipi, kaka. N'nakwenda kusema.”

“Ukaseme nini? Umesimama kituoni, hukusimama?”

“Nilisimama.”

“Haya, basi.”

“Basi twende sote ukasikie. Wakiifuta, n'rudishie ufunguo wangu.”

Akakubali upesi. Nadhani alikuwa na hakika kwamba nitashindwa.

Asubuhi tukaenda polisi, yeye kwenye usukani, mimi pembeni nimefura. Mkuu wa askari wa barabarani alikuwa mtu mzima wa hapa hapa Pemba, na yule kijana alikuwa amekaa karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, yakanipotea yote mlangoni, nikasema kwa mikono na kwa macho mpaka mkuu akasogeza kikombe chake cha chai mbali na mimi.

“Mwalimu,” akasema, “sheria haikutaja karafuu.”

“Ningesimama wapi, afande? Juu ya karafuu za watu?”

“Ungesogea mbele.”

“Mbele wapi? Twende ukan'oneshe!”

Kaka akanikanyaga mguu chini ya meza. Mkuu akachukua kofia yake. “Haya, twende.”

Gari ya polisi ikatangulia, sisi nyuma. Njiani nikaliona wingu. Nilianza kuomba Mungu kimoyomoyo, na sijui hata niliomba nini, inyeshe au isinyeshe, maana karafuu za watu zilikuwa nje.

Tulipokaribia, bibi yule yule, majamvi yale yale. Tone likapiga kioo, likafuata jingine. Gari ya polisi ikaingia kituoni, mlango ukafunguka kabla haijatulia, na mkuu akatoka mbio ameshikilia kofia.

“Anueni, yakhe! Anueni!”

Kaka yangu, na heshima zake zote, akaiingiza gari nyuma yao, kituoni hapo hapo, akaizima, akapandisha kanzu mpaka magotini, akaruka. Hakuna aliyenikumbuka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikashuka nikawafuata.

Yule kijana alisimama, hajui pa kuanzia. Bibi akamtia pembe ya turubali mkononi. “Shika hapo, mwanangu. Kunja.” Akakunja.

Ndipo gari ya abiria ikaja. Ikapiga honi, ikapiga tena. Dereva akatoa kichwa dirishani.

“Afande, sie leo tusimame wapi?”

Mkuu akageuka, amekumbatia gunia. Akaitazama gari ya polisi. Akaitazama ya kaka. Akanitazama mimi.

Kijana akamsogelea kwa adabu. “Afande, na hizi mbili niziandike?”

Mkuu alicheka mpaka gunia likataka kumponyoka. “Peleka magunia kwanza,” akamwambia. Kisha akaninyooshea mkono. “Mwalimu, lete karatasi yako. Hii imekwisha, nitaifuta mwenyewe.”

Nilitamani kumkumbatia, afande mzima wa watu! Badala yake nikamwendea kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa gari, kanzu imemganda mwilini, nikamnyooshea mkono kama alivyoninyooshea yeye. Hakunitazama. Akapapasa mfukoni, akaniwekea ufunguo kiganjani, akazunguka upande wa pili, akakaa.

Mvua ilikuwa bado inamwaga. Tulipofika karibu na baraza, wenzake walikuwa wamejaa chini ya bati, wanatazama barabarani. Nikaongeza mwendo kidogo, nimwokoe na maneno yao.

“Pole pole,” akasema, akashusha kioo mpaka chini.