Kubana matumizi ya nguo za watoto ukiwa na mapacha, na mama mkwe anaishi kwako: yaliyonikuta hapa Tunduma

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nimekaa na hili jambo tangu baridi ianze, leo nimeona nilitapike. Ni ukweli mtupu. Sina sababu ya kudanganya, maana aliyeaibika ni mimi mwenyewe.

Naziba pancha za malori kwenye foleni ya mpakani. Mke wangu anauza mchele ng'ambo, Nakonde. Tuna mabinti wawili mapacha wa miaka mitatu, Kulwa na Doto.

Mimi ni Mnyiha wa Ruanda, kule Mbozi. Upande wa mke ni Wasukuma waliohamia bondeni Momba na ng'ombe wao, ndiyo maana majina ya watoto yalishapangwa kabla sijaulizwa.

Anayeshinda na watoto ni mama mkwe. Alikuja kwa wiki mbili walipozaliwa. Hizo wiki mbili bado hazijaisha.

Silalamiki. Bila yeye mke wangu asingevuka mpaka, na bila ule mchele sijui tungekula nini. Ila mambo ya mkwe mnayajua. Mimi na yeye hatuongei ana kwa ana. Akiwa na neno na mimi analipitisha kwa watoto, mimi nikiwa hapohapo nasikia.

"Kulwa, mwambie baba yako mkaa umeisha."

Kulwa anaendelea kuchezea udongo. Ujumbe umefika.

Sasa huyu mama ana sheria moja. Mapacha wanavaa sawasawa. Sisemi kufanana, nasema SAWASAWA. Rangi, kola, vifungo, mpaka maua ya kitambaa. Mmoja akipata, mwenzake apate siku hiyohiyo, la sivyo nguo isubiri. Mimi nikajiambia ni mizimu ya mapacha ya kwao, sikuuliza.

Wakuu, hebu nisaidieni hapo. Mtu wa kipato changu anavalisha watoto kwa mitumba. Zile mpya za bei rahisi ukifua mara mbili zinageuka dekio. Mtumba mzuri mtoto anauvaa mpaka anamwachia mdogo wake.

Lakini mtumba hauji na mwenzake! Kila nguo imetoka kwa mtoto wake huko Ulaya. Nikitaka mbili zinazofanana itabidi niombe na huko kuwe na mtu mwenye mapacha, na azitupe zote siku moja, na ziingie belo moja, na belo lifunguliwe Tunduma nikiwepo. Stress tupu.

Nguo nyepesi tulikuwa tunahangaika hivyo hivyo. Shida ilikuja kwenye makoti. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku si ya kuzoea. Na mwaka jana Doto alilazwa kwa nimonia. Nilikaa pale wodini nikamwangalia anavyovuta pumzi, nikaapa mwaka ujao baridi itamkuta amevaa.

Nikatafuta Jumamosi tatu mfululizo. Tunduma mjini nikapekua mpaka wauzaji wakaanza kunikwepa. Nikavuka Nakonde. Mama mmoja wa Kizambia akaniangalia ninavyochambua rundo lake la salaula, ndivyo wanavyoita mitumba wenzetu, akacheka sana, akaniita baba kwa lugha yao.

"Batata, salaula ni moja-moja. Ukitaka mbili enda shop."

Asante mama. Hilo nalijua.

Ila kwenye rundo lake nikapata koti moja jekundu, zito, ndani lina manyoya, saizi yao kabisa. Bei ya kutupa. Nikalichukua, nikasema potelea mbali, atavaa anayekohoa.

Mama mkwe akalipokea, akalipapasa, akalisifia. Halafu akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Doto, mwambie baba ametafuta vizuri. Sasa atafute la pili."

Wiki mbili, wakuu! Wiki mbili koti la manyoya limevaliwa na msumari, na watoto wanatetemeka na visweta vyao vilivyotoboka viwiko. Vinafanana lakini, hongera kwao.

Doto akaanza kukohoa.

Asubuhi moja uvumilivu ukaniishia. Nikaling'oa lile koti, nikamvalisha Doto mpaka kifungo cha mwisho. Nikasema kwa sauti kubwa huku nikimwangalia kuku, maana mkwe humkodolei macho: "Kuanzia leo humu ndani nguo inavaliwa na mgonjwa! Mambo ya mizimu ya mapacha mimi siyataki!"

Nikaenda kazini najiona mwanaume.

Saa tisa alasiri mke wangu akapiga simu. Analia. "Njoo nyumbani. Mama anaondoka."

Nikakuta begi limefungwa, liko mlangoni. Mama mkwe ameshavaa viatu. Doto ana koti lake, amekaa katikati ya ua, kanyong'onyea. Kulwa amekaa kizingitini ametupa mgongo. Mke wangu akasema tangu asubuhi hajala. Doto akimsogelea, yeye anasogea mbali. Hakulia hata mara moja, na mnajua Kulwa kwa kulia hana mpinzani.

Nikachuchumaa. Akili yangu iko kwenye nani atabaki na watoto kesho. Nikasema, "Mama, nisamehe kwa sauti yangu. Lakini mtoto anakohoa. Sitaweza kumwacha augue kwa sababu ya mizimu."

Akaniangalia usoni. Mimi, mkwewe. Akaniambia mwenyewe kwa mdomo wake:

"Baba Kulwa, nani amekutajia mizimu? Mimi nilizaliwa wawili. Mwenzangu aliletewa gauni kutoka mnadani. Langu wakasema litakuja tukiuza pamba. Nikamnunia. Nikakataa kula naye, nikakataa kulala naye. Akashikwa na surua, nikasikia ananiita, sikwenda. Alikufa nimemnunia."

Akaonyesha kizingitini kwa kidole. "Mimi nimezeeka, baba. Sina wa kupatana naye. Siwezi kukaa hapa namtazama huyu akianza."

Nikamgeukia mke wangu. Na yeye ndiyo kwanza anaisikia hiyo habari, na ni mama yake mzazi.

Muda wote nilidhani nashindana na ushirikina, kumbe nilikuwa napigia kelele msiba wa mtu.

Nikamwomba anipe siku mbili tu. Akavua viatu.

Doto tulimpeleka zahanati jioni ile ile, akapewa dawa. Kesho yake nikarudi kwenye mitumba, safari hii upande wa wakubwa. Nikakuta koti la sufu la mwanaume, refu, la jitu. Hakuna anayelitaka, muuzaji alikuwa analikalia. Nililipata kwa bei ndogo kuliko lile jekundu!

Nikalipeleka kwa fundi cherehani Mpemba. Nikamwambia, humu nataka watoto wawili. Akalifumua lote, akakata, akatoa makoti mawili. Kitambaa kimoja, rangi moja, vifungo vinne vikubwa vya koti lenyewe, viwili huku viwili huku.

Mama mkwe akayalaza kitandani, akapima mikono kwa kiganja. Akawavalisha kwa pamoja. Kulwa akajiangalia, akamwangalia Doto, kisha akaanza kumfunga mwenzake kifungo. Vidole havikuweza, akang'ang'ana navyo tu huku ulimi uko nje, na Doto kasimama anamsubiri.

Bibi yao akatoka nje. Aliporudi alifungua begi, akaanza kupanga vitu vyake.

Lile jekundu nimelipeleka Ruanda kwa mtoto wa mdogo wangu. Amezaliwa peke yake, bahati yake.

Nilichojifunza: kama unabana matumizi ya nguo za watoto, acha kugombania za watoto. Nunua kubwa za watu wazima ambazo hakuna anayezigusa, tafuta fundi mwenye akili. Na kabla hujamwita mzazi wa watu mshirikina, muulize kwanza. Mimi ilinichukua miaka mitatu, na hata hivyo sikuuliza.

Najua kuna mtu atakuja hapa kuniambia ningenunua mpya mbili yakaisha. Mkuu, njoo Tunduma uninunulie.

Wenye mapacha karibuni mtoe uzoefu. Na viatu mnafanyaje? Koti kubwa nimelikata likatoa mawili, lakini kiatu hakikatiki, na jana ndala ya Doto imekatika kamba. Moja tu, ya kushoto. Natakiwa nirudi na jozi mbili.