Ubongo Ukutani

Fundi aliponyunyizia ukuta maji kabla ya kupiga plasta, mawe yalitoa harufu ya chumvi, nami nikarudi utotoni.

Wazazi wetu walikuwa wameshazikwa, na mjomba, aliyechimba na kuchonga mawe timboni, alikuwa ametujengea chumba hiki. Mdogo wangu aligoma kuingia, akalia. Kando ya mlango palikuwa na jiwe la mviringo lenye mikunjo mingi.

"Dada, huo ni ubongo wa maiti."

Mjomba alicheka. "Mwenye ubongo mkubwa hivyo angefuata nini timboni?"

Mzaha huo ulizidisha kilio.

Shule nilikuwa nimeshaiacha, hivyo hapakuwa na mwalimu wa kumuuliza. Nilibandika karatasi ya mfuko wa unga juu ya jiwe, nikaisugua kwa mkaa mpaka mikunjo yote ikatokea. Maji yalipokupwa tukashuka nayo mwambani, tukailinganisha na kila tumbawe. Hili lilikuwa na matundu, lile lina matawi. Kisha mdogo wangu akainama kwenye kidimbwi. Mikunjo ilikuwa ileile, ila hili lilikuwa hai, lina rangi ya manjano.

"Kumbe ni tumbawe! Basi bahari ilikuwa nyumbani kwetu?"

"Ilikuwa."

"Ikaenda wapi?"

"Si hii hapa? Ilirudi nyuma tu."

Tangu siku hiyo hakuingia ndani bila kuligusa jiwe lile na kusema, "Hodi, bahari."

"Niendelee?" fundi aliuliza, mwiko mkononi.

"Endelea," nilimwambia. "Hilo la mlangoni liache."