Mjomba, Chupa na Mashujaa wa Wagiriki

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jina langu lilikuwa limefungiwa ndani ya chupa ya bia, kule Likasi, Kongo, chini ya jiko la mjomba wangu. Na sikuambiwa na mlevi. Niliambiwa na maman mmoja msusi katika Galerie d'Ixelles, mtaa wa Matonge, Brussels, mbele ya wateja wake wote, nao wakaitikia kama wako kanisani.

"Mujomba alikuaga namna gani?" aliniuliza, kichana mdomoni.

"Hakuniaga. Aligeuza uso, akaangalia ukuta."

"Bon. Njo vile. Amekufunga kwa chupa, akaziba na nta."

Kwetu Katanga mjomba, ndugu ya mama, si mtu wa mchezo. Mtoto hasafiri mpaka mjomba achote maji kinywani ampulizie kifuani, ndiyo baraka. Mimi nilipanda ndege kifua kikavu.

Basi kila kitu kikapata maelezo. Tramu zote za Brussels zilinifungia mlango puani. Lifti ya ofisi nilizokuwa nasafisha, kule Schuman, ilikwama nami kati ya ghorofa mbili muda wa kutosha mtu kufuga ndevu. Na kwenye masomo ya jioni nilikuwa nimeanguka mtihani wa mdomo mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho: ukianguka, hakuna diploma, na bila diploma shule ya wauguzi haikufungulii hata dirisha. Ningezeeka na fagio.

Mwaka huo mwalimu wetu, Mbelgiji mwembamba mwenye sauti ya kengele, alitangaza somo la mtihani: shujaa wa tanzia ya Wagiriki wa kale, yaani ile michezo yao ya jukwaani inayoishia kwenye maangamizi.

"Shujaa wake si mtu mbaya, wala si mtakatifu," alisema. "Anakosea jambo moja. Kisha kila anachofanya ili atoke kinamwingiza ndani zaidi. Pembeni kuna kundi la waimbaji. Linaona, linaonya, linalia, ila halimshiki mkono."

Nikainua kidole. "Madame, hilo kundi nalijua. Linasuka nywele Galerie d'Ixelles."

Darasa likacheka, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kusimulia ya mjomba, na kifua kikavu, na chupa. Mwalimu alisahau chaki mkononi. "Sema hivyohivyo mbele ya jury, wale watahini," akaniambia. "Umeelewa."

Nimeelewa! Hapo ndipo hofu iliponishika kweli. Nilisoma kila jioni, na kadiri nilivyoelewa ndivyo kuta zilivyosogea. Watu wale walijenga kwa marumaru, walikuwa na miungu mlima mzima, na bado yule mfalme wa hadithi ya Madame, aliyetabiriwa kuanguka, alijikinga kila njia na akaanguka. Mimi wa Likasi ningetokea wapi? Nilikuwa nimejifunza vizuri sana kwa nini nitaanguka.

Nikakata shauri: siendi. Asiyeingia hafungiwi.

Nilimwambia mwenzangu wa darasa, maman wa Bukavu aliyekuwa anahudumia wazee majumbani, tukiwa tunangoja tramu.

"Donc unakimbia," akasema.

"Sikimbii, maman. Najilinda."

"Na ule mufalme wa Madame, ye alikuwa anafanya nini? Si alikuwa anajilinda? Alijilinda mupaka akajimaliza!"

Nikaanza kutafuta tiketi mfukoni, mimi ambaye hata mbele ya polisi sikosi jibu.

"Mujomba iko muzima?"

"Iko."

"Ulishamuuliza?"

Nikaangalia reli. Jambo hilo halikuwahi kunipita akilini. Kwetu mjomba haulizwi; anaogopwa tu, kwa adabu.

"Alors, batu ya Katanga!" akasema, akapanda tramu. "Wasusi wote wa Matonge unawauliza, mwenyewe humuulizi."

Kesho yake, kabla ya zamu yangu ya mtihani, niliingia duka la simu la Saint-Josse. Kibanda nilichopewa kilikuwa chembamba kuliko jeneza la mtu maskini, na mlango ulijifunga wenyewe nyuma yangu. Nilitaka kupiga magoti kama inavyofaa, lakini nafasi ilitosha goti moja, hivyo nikapiga hilohilo. Simu ikalia, ikalia.

"Allô?"

"Mujomba, ni mimi. Nakuomba unifungulie. Leo iko examen."

"Nikufungulie nini?"

"Ile chupa, mujomba. Siku ya safari uligeuza uso, hukunipulizia maji."

Nilisikia jogoo wa Likasi, na jasho langu likidondokea simu.

"Mutoto," akasema, "chupa haina. Siku ile nilikuwa naumwa jino, maji haikuingia kinywani. Enda ufanye examen yako."