Kitenzi Kilichotupeleka Mnyuzi

Nafundisha Kiingereza Handeni mjini, na kwa miaka kadhaa sasa nina darasa dogo la watu wazima linalokutana jioni barazani kwangu, watu wakishafunga kazi zao. Si shule. Ni benchi moja refu, mkeka, na ubao ambao mume wangu aliupigilia ukutani kwa misumari mirefu kupita kiasi. Kila anayekuja ana sababu yake. Mama mwenye duka la dawa anataka kuelewa vile vikaratasi vinavyokuja ndani ya maboksi. Dereva wa gari dogo la abiria anataka kuongea na wageni wanaokuja kutafuta madini. Na fundi cherehani, ambaye ndiye mwenye habari hii, anataka kuzungumza na mkwe wake. Binti yake ameolewa na mtu wa Zambia, na yule bwana hajui Kiswahili hata cha kuombea maji.

Fundi ni mwanamke wa makamo kama mimi. Ana bidii kuliko wote. Aliniomba mwenyewe kwamba tukikutana sokoni au tukipigiana simu, nisimjibu kwa Kiswahili hata akinibembeleza. Nikakubali, na kwa kuwa wenzake waliona wivu, ikawa sheria ya darasa zima.

Jioni moja mama wa duka la dawa alifika amechelewa, akaomba radhi kwa Kiingereza. Alisema mjomba wake "expired". Watu wakamtazama. Nikamuuliza ana maana gani. "Mwalimu, dawa ikifika mwisho wake si imeekspaya? Na mjomba naye amefika mwisho wake." Tulimpa pole kwanza, maana msiba ulikuwa wa kweli, kisha nikafuta ubao wote na kuamua kwamba somo la siku ile ni kufa.

Nilijua kazi ipo. Sisi tunasema "amekufa" na imetosha. Neno hilo hilo linabeba tukio la jana na hali ya leo. Kwa Kiingereza kuna "died" kwa lile lililotokea, na "dead" kwa ile hali inayobaki, na wanafunzi wangu waliyachanganya kama maharage na kunde. Mmoja aliandika "my grandfather is died", mwingine "he dead on Friday". Dereva akauliza kama gari likikufia Mkata unaweza kusema "died". Nikamwambia ndiyo, injini nayo hufa, na simu ikiishiwa chaji hufa vilevile.

Hapo fundi akaweka kalamu chini. "Mwalimu, mimi sijapenda. Kwetu mbuzi ndiye anayekufa. Mtu anafariki. Nikimwambia mkwe wangu baba yangu 'died', si ataona nimemweka baba zizini?"

Nilimweleza kwamba kwa Kiingereza neno hilo halimvunjii mtu heshima, baba na mbuzi wote wanalitumia. Lakini nikaongeza kwamba yapo maneno ya upole kama ya kwetu. Mtu anaweza kusema "she passed away", au "passed" peke yake. Anaweza kusema marehemu anapumzika, yuko kwenye amani. Fundi akafurahi. Aliyarudia taratibu, moja moja, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

Haukupita muda mrefu mama yake mzazi akazidiwa. Bibi huyo anaishi Mnyuzi, ni mkulima wa maisha yote, na tumboni alikuwa na uvimbe aliouficha kwa kanga muda mrefu mpaka ukakataa kufichika. Madaktari wa Korogwe wakasema lazima apasuliwe. Fundi alifunga cherehani yake, akaenda kumuuguza. Darasa zima tulijua siku ya upasuaji. Usiku wake sikulala vizuri, maana bibi ana umri, na fundi hana ndugu wa tumbo moja.

Asubuhi yake nilikuwa nachambua mchele uani. Simu ikaita, namba ya fundi.

"Good morning, Teacher."

"Good morning. How is Mama?"

Nilisikia anavuta pumzi. "Teacher, she has passed."

Ungo ukanitoka mkononi. "Passed?"

"Yes. Thank God. The pain is finished. Now she is resting."

"Oh, my dear, I am so sorry."

"No, no sorry!" Sauti yake ilikuwa imejaa machozi. "I am happy. She is in peace. Tell everybody." Kisha akasema haraka, "My phone is dying," na simu ikakatika.

Maumivu yamekwisha, anapumzika, yuko kwenye amani. Yale yale niliyoyaandika ubaoni. Na nitakuwa mkweli, katikati ya machozi yangu kichwa cha ualimu bado kilisikia kwamba ile sentensi ya simu ameitamka sawasawa kabisa.

Nilijaribu kumpigia. Haipatikani. Nikajaribu tena, haipatikani.

Watu wameniuliza baadaye, mbona hukumhoji? Mbona hukushtuka alipokwambia ana furaha? Sikushtuka kwa sababu nimekulia hapa. Kwetu msiba hauanzi kwa neno lenyewe. Baba yangu alipofariki, kaka alinipigia akaniambia, "Mzee amezidiwa kidogo, njoo." Kidogo! Nilifika nikakuta watu wamejaa uani na turubai limeshafungwa. Tangu siku ile mtu akinipa habari ya mgonjwa kwa maneno laini, mimi moyo wangu unakimbilia kwenye lile gumu lililo nyuma yake. Na kumshukuru Mungu juu ya maiti tunashukuru. Mgonjwa aliyeteseka akipumzishwa, watoto wake husema hivyo hivyo, alhamdulillahi, Mungu kampumzisha.

Nilivuka barabara hadi duka la dawa. Mama wa duka akasema innalillahi, akashusha mlango wa duka saa ile ile. Familia ya fundi ni Waislamu, na tulijua maiti haitalala, pengine mazishi ni alasiri. Dereva aliacha abiria wake stendi. Tukanunua mchele, sukari na mafuta, mimi na mama wa duka tukajifunga kanga, tukaondoka sisi watatu. Njiani tulishauriana kama tupitie kwanza hospitali. Mimi nikasema hapana, saa hizi watakuwa wameshamleta nyumbani, twende moja kwa moja tukamkute mfiwa. Hakuna aliyebisha. Mama wa duka alilia kwa utaratibu njia nzima, na dereva, ambaye hatukuwahi kumwona akiendesha bila muziki, aliendesha kimya.

Tuliiacha lami, tukavuka reli, tukauliza njia, tukafika. Uani hapakuwa na turubai, wala benchi, wala watu. Palikuwa na kuku, na mzee mmoja aliyeketi kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe. Tulimtambua kwa masimulizi. Ni mjomba wa fundi, mdogo wake bibi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, karibuni sana." Alitutazama kanga zilizofunika vichwa, akautazama mfuko wa mchele begani kwa dereva. "Mmetoka mbali?"

"Handeni, mjomba. Poleni sana."

"Pole ya nini?"

Nilifikiri uchungu umemchanganya. Mama wa duka la dawa ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kukatika. "Kwa mama, mjomba. Si ametangulia."

Mpini ulimponyoka. Alisema, "Dada yangu?" Basi, hilo tu. Akateleza kutoka kwenye kigoda, akakaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha kama mtoto.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sisi ndio tuliofika na habari. Jirani aliyekuwa anafua upande wa pili wa uzio alisikia, akapiga yowe. Yowe moja Mnyuzi linatosha. Kabla sijapata la kusema, uani pamejaa wanawake, mmoja anaondoa vyungu, mwingine anatandika mikeka, na vijana wawili wanaulizana wachimbe upande gani wa kaburi la babu. Mimi nilisimama katikati nikilia na wenzangu, kilio cha haki kabisa.

Mjomba akanyamaza kabla yetu. Akajifuta uso kwa kofia yake. "Nani amewaambia?"

"Binti yake mwenyewe, asubuhi hii. Alinipigia simu."

"Amesemaje?"

"Amesema amepita. Sasa anapumzika."

"Amesema hivyo, 'amepita'?"

"Amesema kwa Kiingereza, mjomba."

Alinitazama kwa muda. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu anayetafuta pa kushika. "Mwalimu," akasema, "mtoto aliyefiwa na mama yake anazungumzaje Kiingereza?"

Nilitaka kumweleza sheria ya darasa, akanikatiza.

"Neno lenyewe ni lipi?"

"Ni 'passed'."

"Na lina maana ngapi?"

Nikaanza kumwambia, kufariki, kupita njia, kupitisha kitu... na hapo nikakaa mkekani pembeni yake. "Na kupasi mtihani," nikasema.

Mjomba alitoa simu mfukoni. Jana yake fundi alimpigia kwa simu ya mama mmoja wa Makuyuni aliyekuwa anamuuguza ndugu yake mwenyewe kitanda cha jirani, na namba ilikuwapo bado. Akapiga, akaiweka sauti ya nje. Uani wote walinyamaza, hata wale vijana wa majembe. Iliita sana. Kisha ikapokelewa.

"Mama, samahani, mimi ni yule mzee wa Mnyuzi. Yule mgonjwa wenu wa jirani... yukoje?"

"Yupo, baba. Huyu hapa amelala macho. Subiri nimwekee sikioni."

Ikaja sauti nyembamba, iliyochoka, ya mtu mwenye kiu. "Nani?"

"Mimi, dada."

"Mbona unahema hivyo? Umekimbizwa na nini?"

Mjomba aliishika ile simu kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika. Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia hata harusini. Bibi mmoja nisiyemjua alinikumbatia, akanipiga mgongoni mara kadhaa, nusu kwa furaha na nusu kwa kunikomesha. Dereva alikwenda nyuma ya gari akakaa huko mpaka macho yakakauka. Mimi mwili ulikuwa mwepesi mno, nikaogopa kusimama.

Nilimwomba mjomba radhi. Akakataa hata kusikiliza. "Umeniletea dada yangu amekufa, ukanirudishia mzima. Wangapi wanarudishiwa?" Kisha akageuka kwa wanawake. "Mchele wa msiba haurudi ulikotoka. Pikeni." Wakapika, na tukala sote mikekani, wale vijana wakiwa wa kwanza kusogeza sahani.

Saa ya kutazama wagonjwa tulikuwa Korogwe hospitali, mjomba naye ndani ya gari. Fundi alitukuta mlangoni mwa wodi, akashangaa kwanza kutuona, kisha kuona kanga zetu. Tulipomweleza alijishika kichwa.

"Jamani! Lakini ule si ulikuwa mtihani, Mwalimu? Mtihani mkubwa kuliko yote tuliyowahi kupewa. Na mtu akishinda mtihani, si ulitufundisha kuwa amepasi?"

"Na hayo ya kupumzika? Na amani?"

"Alikuwa amelala! Mara ya kwanza tangu mwaka uanze amelala bila kuugulia. Nilitaka mjue." Akaanza kulia na kucheka pamoja, na mama wa duka la dawa akajiunga naye. Nilimwambia kwamba Kiingereza chake hakikuwa na kosa hata moja, na ni kweli. Kosa, kama lipo, ni la hayo maneno mazuri, yanayowafaa wazima na wafu bila kubagua.

Tukaingia. Bibi alikuwa mdogo kitandani, amefunikwa shuka mpaka kidevuni, macho makali. Alikwishasikia kila kitu kwa mama wa Makuyuni.

"Nyie ndio mliokuja kunizika?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mliniletea nini?"

"Mchele, mafuta na sukari."

"Mchele uko wapi?"

Mjomba akatazama dirishani. "Tumekula, dada."

Bibi alianza kucheka, akaushika upesi mshono wake. "Tokeni! Tokeni msinichekeshe, nyuzi zitakatika. Sukari iacheni, nitaitia kwenye uji."

Tuliiacha sukari. Jua lilikuwa linashuka tulipoondoka, na dereva akarudisha muziki wake, mkubwa mpaka vioo vikatikisika, na hakuna aliyemwambia apunguze. Tulifika Handeni tukiwa na sauti za kukauka kwa kuhadithiana kile tulichokiona sote watatu.

Sheria ya darasa tuliibadilisha wiki ile. Kwenye ugonjwa na msiba kila mtu atasema Kiswahili, tena cha wazi. Fundi alirejea kazini bibi alipopata nguvu, na uvimbe ulipopimwa ikaonekana si ule wa kutisha. Msimu huu bibi amepanda mahindi na ufuta, sehemu tu ya shamba, nyingine kamwachia mjomba. Nilimtembelea juzi. Alinipokea mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, akaniuliza kama safari hii nimekuja na mchele.