Baba Yetu Tano Mbele ya Kuzima Motere

Iko siku moja ya kule Karuba, mu vilima vya Masisi, inanirudia kila mara, mwanangu, na leo umeirudisha wewe mwenyewe. Nimekuona ukifika mbio na pikipiki yako, ukaizima hata haijasimama vizuri. Kaa hapa kidogo. Haraka yako itakungoja, haina miguu ya kuondoka peke yake.

Mimi huyu unayemuona na fimbo nilikuwa kijana wa majivuno. Nilikuwa na miaka makumi mbili na ine, shofa mwenye kuendesha gari, na makanika, na mu Masisi yote nilijiona hakuna wa kunifundisha kitu. Ilikuwa miaka ya vita, wakati watu wenye bunduki walikuwa wanachukua kamio, zile lori za mizigo, barabarani namna mwizi anavunja muhindi mu shamba ya mwingine. Patron wangu, mwenye kunipa kazi, alikuwa Papa Kambale, mufanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, Mukatoliki wa kusali kweli, si wa kuonekana tu. Alikuwa anapeleka chumvi na sabuni mpaka Walikale. Kamio yake ilichukuliwa, na akabaki na gari moja tu ya kuuza.

Lakini gari gani, mwanangu! Ilikuwa ya Amerika, ya miaka ya makumi nane, nyeusi tii, milango miwili, na kapo, ile kifuniko ya injini, ndefu ungeweza kulala juu yake na miguu isining'inie. Muzungu mwenye ferme, shamba kubwa ya ngombe, alimuuzia mbele ya kukimbia vita. Viti vya kitambaa cha rangi ya majivu havikuwa na tobo hata moja. Dashibodi haikuwa na ufa. Na chini ya ile kapo kulikuwa turbo, ile konokono ya chuma yenye kupulizia motere hewa. Ukikanyaga pedali ya esansi, ile petroli, inapiga mluzi kwanza, halafu inakusukuma mugongo mpaka unacheka bila kupenda. Nimeendesha gari nyingi. Ile sijapata ya kuilinganisha nayo mpaka leo.

Na namna Papa Kambale aliichunga! Alitoa magurudumu yote ine, akaiweka juu ya mawe mu nyumba ya ngombe, akaifunika na bashi, ile turubai ya kamio, akarundika majani makavu juu mpaka paa. Betri ililala chini ya kitanda chake. Askari walipita mara mbili, wakachukua mbuzi, gari hawakuiona. Kila Siku ya Mungu, Misa ikiisha, tunatoa majani, tunarudisha betri, tunaiwasha. Halafu yeye anasimama pembeni na kofia mukononi, anasikiliza motere namna muntu anasikiliza mutoto wake akisoma.

Alikuwa na desturi moja nilikuwa naicheka kimoyomoyo. Hakuzima ile motere hata siku moja bila kusali. Aliiacha inanguruma polepole, akasema Baba Yetu tano, halafu njo anageuza funguo.

"Bauma," ananiambia, "turbo inazunguka kushinda kitu chote mu hii gari, na inakuwa moto kama jiko. Mafuta ya motere njo inaipoza. Ukizima mara moja, mafuta inasimama, inaungulia mule ndani. Ngojea Baba Yetu tano."

"Ndiyo, Papa," nilijibu. Na mu kichwa nikasema: mzee anapenda kusali tu.

Sasa, mwaka ule mama yangu alikuwa Ntoto, kule kwetu mu Walikale, na wadogo zangu wawili na mutoto muchanga wa dada yangu. Vita vilikuwa vinasogea. Mama alinituma neno kwa muntu mumoja aliyetembea siku tano: kamio isipofika mbele ya mvua, watapita musituni kwa miguu. Na mama mguu wake wa kuume ulikuwa umeumia zamani. Nilijua musitu ule. Nilijua hatafika.

Papa Kambale akapata mununuzi, Papa Bahati wa Goma, mwenye kamio mbili. Hakutaka kulipa makuta, ni kusema pesa. Alitaka kubadilisha: kamio yake kubwa kwa ile gari nyeusi. Papa Kambale akaniita, akasema, "Akiikubali, safari ya kwanza ni Ntoto. Mama yako njo wa kwanza kupanda." Nililia pale pale, sikuona haya.

Siku moja mbele ya Papa Bahati kufika, tulirudisha magurudumu, na Papa Kambale akanituma niijaribishe mpaka juu ya kilima upande wa Mushaki. Ilikuwa wakati wa jua, barabara imekauka. Ee mwanangu! Niliikanyaga. Turbo ikalia, vumbi ikaruka, watoto wakatoka mu mashamba wakipiga kelele, wachungaji wa ngombe wakaniinulia fimbo. Nilifika juu najiona mukubwa wa dunia.

Halafu nikafanya ile kitu kila shofa wa kamio mu Masisi alikuwa anafanya. Kilima kikiisha, unazima motere, unashuka bure, esansi inabaki. Tulikuwa tunaona huo njo ufundi, na asiyeweza tulikuwa tunamucheka. Motere ikiwa moto vile, nikageuza funguo. Volani, usukani ule, ikawa nguvu kama nafunga ngombe dume, freni, breki ile, ikakauka chini ya mguu, nikashuka nikitokwa jasho lakini nikicheka. Chini nikaiwasha tena. Ikawaka. Lakini mluzi haukuwa ule. Ulikuwa sauti ya kisu kwenye jiwe, na nyuma moshi ya bluu.

Nikarudi polepole. Nikaiingiza mu nyumba ya ngombe, nikapangusa vumbi, nikanyamaza. Nikajiambia: ikiwa baridi haitoi moshi. Papa Bahati ataizungusha kidogo tu, ataondoka nayo, na mama atapanda kamio. Nani atajua?

Papa Kambale alijua. Asubuhi aliiwasha, akasimama na kofia mukononi, akasikiliza. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Uliizima juu ya kilima?"

"Ndiyo, Papa."

"Papa Bahati akifika, wewe njo utamuambia."

"Papa, akikataa? Na mama?"

Niliona macho yake yamejaa maji. "Mama yako niko namufikiria usiku na mchana," akasema. "Lakini siwezi kumutoa Ntoto na uongo. Mwambie."

Papa Bahati alifika saa ine na ile kamio kubwa. Aliizunguka gari nyeusi mara tatu, akapitisha mukono juu ya kapo, akafungua mulango, akanusa viti, akasema, "Yesu wangu, kama imetoka jana!" Nikasogea nikamuambia yote: kilima, funguo, mluzi, moshi.

Akaangalia gari, akaangalia kamio yake, akaketi juu ya jiwe kama muntu aliyechoka.

"Kijana," akasema, "ni kweli mutapakia watu mu ile kamio?"

"Ndiyo. Mama yangu njo wa kwanza."

Akashika kichwa. "Freni za nyuma zimekwisha. Zote mbili. Nilisema moyoni mutajionea wenyewe, mukiwa mbali."

Papa Kambale akaenda akainama nyuma ya kamio, akaziona mwenyewe.

Walibadilishana vile vile, turbo mbovu kwa freni mbovu. Papa Bahati aliketi kwenye volani ya ile nyeusi akitabasamu kama mutoto wa Noeli, maana alijua turbo inaweza kubadilishwa, na gari ya namna ile hutaiona mara mbili. Alipofika Goma, watu walituambia, hakuzima mpaka aliposema Baba Yetu tano. Mimi nilibaki chini ya kamio siku sita, natengeneza freni kwa vyuma alivyotutumia, halafu tukaenda Ntoto. Tulimukuta mama ameketi juu ya muzigo wake kando ya barabara, mutoto muchanga kifuani. Tulirudi mu miteremko yote ya Masisi, motere inawaka, freni zinashika, watu zaidi ya makumi tatu nyuma. Mama alilala njia nzima, kichwa chake kwenye bega langu.

Ningenyamaza siku ile, mwanangu, ningeshuka vilima vile na mama yangu mu kamio bila freni, na uongo wangu ungekuwa umekutana na uongo wa Papa Bahati pale kwenye kona.

Basi nasema wazi. Ukitoka mu mbio, ukitoka mu hasira, usikate motere wala neno mara moja. Jipe Baba Yetu tano, upoe. Mwenye kukufundisha kitu usichokielewa, kifuate kwanza, kucheka utacheka baadaye. Na kitu umeharibu, kiseme wewe mwenyewe, hata kama unachotetemekea ni mama yako. Zaidi sana kama ni mama yako.

Mungu akuchunge mu vilima na mu mabonde, mikono yako itengeneze kuliko kuharibu, na wale unaowapenda wafike salama, wamelala kwenye bega lako. Haya, nenda uiwashe pikipiki yako. Ukifika, ngojea kidogo mbele ya kuizima.