Mama Aliyenuka Fomalini

Walisema sitaweza. Naanzia hapo kwa sababu wanaosema kisa hiki nimekitunga ni wale wale waliosema sitaweza, na mara ya kwanza walikosea vibaya sana. Haya yalitokea. Yalinitokea mimi, mtu mwenye diploma ya utunzaji wa wanyama kutoka Ulaya, si mlevi wa kilabuni, na yalitokea saa sita na nusu mchana.

Nilirudi Machakos mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimekaa ng'ambo miaka kumi na mmoja, nikaanza kwa kuzoa mavi katika bustani ya wanyama nikamaliza nikiwa msimamizi wa banda zima. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi nilijenga nyumba ya mawe chini ya vilima vya Iveti, nikaleta lemuri.

Lemuri ni jamaa wa komba, wale tunaowasikia wakilia kama watoto juu ya miti. Kwao ni Madagaska, na misitu yao inakatwa hivi kwamba wengine wanaelekea kwisha duniani. Wangu walikuwa wa aina ndogo yenye mkia mnene. Vituo viwili vya Ulaya vilinikopesha jozi tatu: niwazalishe, niandike kila jambo la maisha yao, niwafundishe watoto wa shule, na kwa kila jozi niliyokopa nirudishe jozi changa iliyozaliwa kwangu. Ndivyo wafugaji wa wanyama adimu wanavyofanya. Wanatawanya akiba, ili ugonjwa ukiingia mahali pamoja usimalize kizazi chote.

Hebu jaribu kuwaeleza hayo watu wa Masii, nyumbani kwetu.

"Ati nini?" alisema mwalimu mkuu mmoja mstaafu, siku ya soko, kwa sauti ya kusikiwa na wauza mahindi. "Kijana ameenda ng'ambo miaka kumi na mmoja, amerudi kufuga panya! Na hata si panya wake, ni wa kukopa. Huyo atarudisha nini? Mikia?"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Utamjibu nini mtu ambaye safari yake ndefu zaidi maishani ni kwenda Nairobi kufuatilia pensheni?

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea. Lemuri hao huamka usiku. Mwanafunzi akija mchana ataona nini, masanduku ya wanyama waliolala? Kwa hivyo niliigeuza siku. Niliziba madirisha kwa nailoni nyeusi, nikaweka milango miwili mmoja nyuma ya mwingine, nikafunga saa ya umeme ya kuwasha na kuzima taa. Usiku taa nyeupe ziliwaka, wanyama wakalala wakidhani ni mchana. Mchana zilizimika, ikabaki balbu moja nyekundu, wakaamka. Uliingia saa sita juani ukakuta usiku.

Mama Mutheu, jirani niliyemwajiri kukata matunda na kusafisha, hakuipenda nyumba hiyo.

"Mwalimu," aliniambia wiki ya kwanza, "mchana ni wa watu. Usiku uko na wenyewe. Ukiuleta mchana, na wenyewe watakuja nao."

Nilicheka hadi nikakohoa. Nilimwambia aende akate ndizi.

Ikafika Julai. Unaijua baridi ya Machakos ya Julai, ukungu umelala vilimani hadi saa nne. Mama Mutheu akaanza kulalamika kwamba lemuri wamenenepa mikia halafu wanakataa chakula. Niliandika kwenye daftari: hamu ya chakula imepungua. Asubuhi moja nikafungua sanduku la jike ambaye wanafunzi walimpa jina Kamene. Alikuwa amejikunja kama mpira, baridi kama jiwe. Niliweka kipimo cha moyo kifuani kwake nusu dakika nzima. Kimya.

"Si tungoje kidogo?" Mama Mutheu alisema. "Hebu shika huu mkia. Bado umejaa. Mnyama akifa na ugonjwa si hukonda kwanza?"

"Mama Mutheu, uko na diploma?"

"Diploma sina. Niko na macho."

"Basi yatumie kunitafutia ile chupa kubwa."

Mkataba ulisema kila anayekufa ahifadhiwe kwa fomalini, ile dawa ya maiti, ili arudishwe kwa watafiti wa kituo chake. Nilimzamisha akiwa amejikunja vilevile. Nikafunga kifuniko, nikazungushia nta, nikaandika tarehe. Kisha nikaenda kunywa chai.

Siku tatu baadaye majike wawili waliobaki wakawa baridi pia. Bila majike hakuna uzazi, na bila uzazi mwalimu mkuu wa Masii alikuwa amesema kweli. Niliamua kumpasua mmoja nijue ni ugonjwa gani kabla haujamaliza hata madume. Mama Mutheu alikuwa ameenda mjini kuchukua mapapai kutoka Matuu. Darasa la watoto wa shule ya Kivaa lilikuwa limetoka tu. Nilifunga milango yote miwili, nikatia ufunguo mfukoni, nikamlaza jike mezani chini ya balbu nyekundu, nikachukua kisu.

Nikasikia maji yakidondoka. Kwenye benchi la wanafunzi alikuwa ameketi mama mmoja.

Alikuwa mdogo wa umbo, amejitanda leso iliyolowa. Nilimdhania mzazi aliyekuja na watoto akasahaulika, na nikakasirika, kwa sababu watu wetu hawajui kufuata hata agizo la mlangoni.

"Mama, wageni wa shule wameshatoka. Hapa si sokoni."

"Sikuja na shule, Mwalimu."

Sauti yake ilikwaruza kama ya mtu aliyemeza kitu kichungu. Ndipo harufu ikanifikia. Fomalini huichanganyi na kitu kingine, inachoma pua na kutoa machozi. Ilikuwa ikitoka kwake, ikidondoka kutoka kwenye leso hadi sakafuni.

Akainua uso. Wewe unayesoma hapa, macho ya mtu hayarudishi mwanga gizani. Ya paka hurudisha, ya komba pia, na ya lemuri. Nilikuwa nimewafundisha watoto hilo mara nyingi kwenye benchi lile lile. Macho ya yule mama yaliwaka kama makaa mawili.

"Nilikuwa nimelala tu," alisema.

Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagonga meza.

"Nikaamka mahali pasipo na hewa. Nikabisha. Hukusikia?"

Diploma ilikuwa ukutani ofisini, haikunifundisha jibu la swali hilo.

Alinyoosha kidole kirefu, kirefu mno kwa mkono ule, akaonyesha meza. "Na huyo amelala. Wote wamelala. Wanakula mikia yao. Waache mpaka mvua."

Kisu kikaniponyoka. Niliinama kukiokota, nikainuka, benchi likawa tupu. Nilikimbilia milango: yote miwili imefungwa, ufunguo ungali mfukoni. Chini ya benchi kulikuwa na kidimbwi. Mama Mutheu aliporudi alisimama mlangoni akifunika pua kwa leso, akaniuliza, "Nani amemwaga dawa ya maiti?" Kwa hivyo usiniambie niliota.

Nilikwenda stoo kutazama chupa. Nta haikuvunjika. Dawa ilikuwa imeshuka upana wa kidole. Na Kamene, niliyemtia amejikunja kama mpira, alikuwa amenyooka, viganja viwili vimebandikwa kwenye kioo.

Kule Ulaya tuliwasha joto mwaka mzima, kwa hivyo lemuri wetu hawakupata sababu ya kulala. Kwao Madagaska, baridi na ukame ukija, hujifungia ndani ya shimo la mti miezi kadhaa, moyo ukipiga mara moja moja, wakiishi kwa mafuta ya mkia. Vitabu vyangu viliandika hayo kwa mstari mmoja na mimi niliuruka. Nimewadharau watu wengi maishani, wengi wao kwa haki. Siku hiyo nilimpata aliyestahili kuliko wote, na alikuwa amevaa koti langu.

Nilimrudisha yule jike sandukuni kwa mikono miwili. Tukangoja, mimi na Mama Mutheu. Masii wakaleta salamu: "Mwambieni pole kwa msiba wa panya." Agosti ikapita, Septemba ikapita. Mwisho wa Oktoba mvua ya kwanza ikapiga mabati, na mkia mmoja ukatikisika. Mama Mutheu akaketi sakafuni. "Mwaitu," akasema, yaani mama yangu, akalia. Januari majike wote wawili wakazaa mapacha.

Tangu hapo siingii katika nyumba ile bila kubisha na kungoja kidogo. Madaktari wa mifugo wanaokuja kwangu na vyeti vyao hunicheka, wacheke. Nakuonya wewe uliyesoma, maana asiyesoma hana kiburi cha kosa hili: usimwandikie kiumbe kifo kama hujawahi kumwona akilala. Na ukiajiri mtu mwenye macho, mwache aone.

Ilinichukua miaka minne kulipa. Siku ya mwisho nilisimama uwanja wa ndege Nairobi na masanduku ya jozi tatu changa, zote za kuzaliwa Machakos, deni la vituo vyote viwili. Mwalimu mkuu mstaafu aliarifiwa; sijasikia alisema nini. Pembeni mwa masanduku kulikuwa na chupa iliyofungwa kwa kitambaa, na fomu yake.

Afisa wa uwanja alihesabu walio hai, akatia saini. Kisha akaifunua chupa, akaviona vile viganja, akaifunika haraka.

"Huyu aliuawa na nini?"

"Soma hapo."

Akasoma sehemu ya sababu ya kifo, ambako nilikuwa nimeandika neno moja. "Mimi," akasoma kwa sauti. "Mimi ni nani?"

Nikamwonyesha kitambulisho changu. Akakitazama, akaitazama fomu, akagonga muhuri.