Nilivyoringia seva isiyozimwa, Neema wa mapokezi akapita kwenye tundu la kernel

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hiki kisa ni cha kweli na kinaniaibisha mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kukitia chumvi.

Miaka ile soko huria ndo limeruhusiwa, kila kona ya Arusha kuna kampuni mpya ya utalii. Mimi nilikuwa system administrator, yaani msimamizi wa kompyuta, wa mojawapo, ofisi iko Kijenge.

Tulikuwa na seva moja tu, kompyuta kuu ya ofisi nzima. Booking, email, orodha za wageni, vyote humo humo.

Sasa mimi nilikuwa na ugonjwa wa kuhesabu siku ambazo seva imekaa bila kuzimwa. Zilikuwa zimepita mia tatu! Umeme ukikatika nakimbilia jenereta kama naokoa mtoto. Nilikuwa nawaonyesha hadi madereva. Wanatikisa kichwa, wanaendelea na chai yao.

Siku moja dada Neema wa mapokezi, Mmachame mmoja aliyekuwa anasoma kompyuta jioni, akaja na karatasi.

"Kaka, wanasema kernel ya toleo letu ina tundu. Mtumiaji wa kawaida anaweza kujipandisha akawa root."

Kwa wasiojua: kernel ndiyo kiini cha operating system, ndiyo inaamua nani aguse nini. Root ndiye mwenye ruhusa zote. Patch, yaani kiraka cha kuziba tundu hilo, ilishatoka, ila ukiiweka lazima uzime seva na kuiwasha upya.

Nizime? Siku zangu mia tatu?

"Dada Neema, hayo ni mambo ya Ulaya. Hapa atuingilie nani, mpishi?"

"Mimi je?"

"Jaribu."

Bosi, mzee wa Kimeru mpole sana, alikuwa mlangoni na kikombe chake. "Mwache ajaribu," akasema.

Neema akakaa mapokezi, kwenye akaunti yake ileile ya kusomea email. Akaendesha kiprogramu alichopata mtandaoni. Haikupita dakika, skrini yangu ikaandika: KAKA SHIKAMOO, MIMI NI ROOT.

Nikavuta kibodi nimjibu. Sijajibu, seva ikaganda. Kile kiprogramu kilikuwa kimeivuruga kernel yenyewe.

"Yesu wangu, nilitaka nikuonyeshe tu!" Neema akashika kichwa.

Muda huo wageni kumi na wawili wa kupanda Mlima Meru ndo wanatua uwanja wa ndege, na majina yao ya kuandika kwenye vibao vya kuwapokea yamo ndani ya seva.

Nikaizima kwa mkono wangu mwenyewe, wakuu. Kuwaka, ikaanza kukagua diski taratibu, haina haraka na mtu. Neema akaandika majina kwa kumbukumbu, akapata kumi na moja. Wa kumi na mbili dereva akamnyanyulia kibao kimeandikwa MGENI. Mzee wa Kijerumani wa watu akakipita mara tatu, hajui kwamba mgeni ndiye yeye.

Baadaye seva ikarudi, data salama. Nikaweka patch, nikaiwasha tena.

Bosi akaniuliza kwa upole: "Kijana, hizo siku mia tatu zilikuwa zinatusaidia nini?"



Kesho yake password ya root akapewa Neema. Naye akanifungulia mimi akaunti ya kawaida. Miezi miwili nilikuwa nikitaka kuweka printer naenda mapokezi kuomba ruhusa.

Nilichojifunza: ukiambiwa mfumo wako una tundu, ziba kwanza, sifa utatafuta baadaye. Na wewe unayetaka kuhakikisha, jaribia kwenye mashine isiyo na wageni wa watu. Hilo hata Neema anakubali.

Haya wana IT, nani mwingine alishawahi kupokonywa mamlaka na mapokezi? Tiririkeni, nisibaki na aibu hii peke yangu.